Mkato na Viunganishi vya Kiingereza Usukumani
Mkato wa leo ulipata umbo lake Venice mwishoni mwa karne ya 15, katika kiwanda cha uchapaji cha Aldus Manutius. Kwanza uliongoza pumzi ya msomaji; baadaye sarufi ikautawala. Katika Kiingereza hutangulia "and", "but" au "so" inayounganisha sentensi mbili zenye kiima kila moja: "The miners dug all day, but they found no gold." Kiima kikiwa kimoja, kwa kawaida mkato huachwa: "The miners dug and rested." Hapo ndipo penye ugumu kwa mwanafunzi wa Shinyanga, kwani kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi cha nafsi na kujitosheleza.

Kiingereza kilienea Usukumani chini ya utawala wa Uingereza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1940 mwanajiolojia John Williamson aligundua almasi Mwadui; mwaka 2000 mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ukaanza uzalishaji. Penye migodi kama hiyo na mikataba ya Kiingereza, mkato si pambo hata kidogo. Huko Maine, Marekani, mkato uliokosekana kabla ya "or" katika sheria ya malipo ya saa za ziada uliwapa madereva ushindi katika rufaa mwaka 2017, na mwaka uliofuata mwajiri akakubali kulipa dola milioni 5.