Hesabu ya Saa za Kiswahili katika Wijeti za Kompyuta: Mfano wa Kyela

Kiswahili kilifika ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa kabla ya utawala wa Wazungu. Wafanya biashara wa Mwambao, ambao mashuhuri miongoni mwao alikuwa Mlozi, walikuwa wamekwisha kujijenga Karonga katika miaka ya 1880. Mlozi alishindwa na kunyongwa mwaka 1895. Lakini lugha haikuondoka naye, kwani ng'ambo ya mto Songwe, katika nchi ya Wanyakyusa, serikali ya Wajerumani iliitumia katika utawala wake. Lugha hiyo ina hesabu yake ya wakati. Mchana una saa 12, na usiku kadhalika. Siku, kwa desturi ya zamani, huanza jua lituapo, hata usiku wa Ijumaa ukawa ni ule utanguliao mchana wa Ijumaa. Juma nalo huanza baada ya Ijumaa, kama jina la Jumamosi lishuhudiavyo.

Makala hii yaeleza jinsi hesabu hiyo ilivyokutana na wijeti, yaani vile vijiprogramu vidogo vikaavyo juu ya eneokazi la kompyuta kuonyesha saa, kalenda au hali ya hewa. Asili yake si ya jana. Kompyuta ya Macintosh ilipotolewa mwaka 1984 ilikuwa na vyombo vya namna hiyo, mathalan saa ya kengele na kikokotoo. Rainmeter, programu imwezeshayo mtumiaji kujitungia wijeti zake mwenyewe, ilianza mwaka 2001. Mwaka 2007 Windows Vista ilizipanga wijeti pembeni mwa kioo. Mwaka 2012 Microsoft ilishauri zizimwe kwa sababu za usalama. Na mwaka 2021 zilirudi kwa sura nyingine katika Windows 11. Mara nyingi mtumiaji aliruhusiwa kubadili sura au mahali pa saa yake. Mwanzo wa kuhesabu haukuguswa: ulibaki usiku wa manane.

Wenye lugha hawakukaa kimya. Mwaka 2004, kwa kazi iliyofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, programu za OpenOffice zilitolewa kwa Kiswahili, na tangu hapo maneno kama faili, dirisha na eneokazi yameenea. Hata hivyo kilichotafsiriwa ni majina. Wijeti iandikayo "asubuhi" kwa Kiswahili fasaha huandika kando yake 7:00, na msomaji husema "saa moja". Jicho husoma lugha moja, na ulimi husema nyingine.

Pengine itasemwa kwamba hesabu ya Kiswahili hufuata jua, na kwa kuwa jua hubadilika, mashine haiwezi kuifuata. Kyela yajibu hoja hiyo. Saa ya Tanzania imewekwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Kyela iko karibu na nyuzi 34. Kwa hiyo, kwa wastani, jua la adhuhuri huchelewa huko kwa dakika 45 hivi, na mwezi wa Julai huchomoza karibu na saa moja. Ukivuka Songwe kwa Kasumulu na kuingia Malawi, jua ni lile lile, lakini saa imerudi nyuma kwa saa nzima. Pamoja na hayo, mtu wa Kyela huiita 7:00 "saa moja" sawasawa na mtu wa Dar es Salaam. Basi saa ya Kiswahili leo si ya jua. Ni mapatano ya lugha, na tofauti yake na saa ya kimataifa ni saa 6 kamili, mwaka mzima.

Tofauti isiyobadilika ni jambo jepesi kwa mashine. Windows huruhusu kuongeza saa mbili nyingine na kuzipa majina. Mtu wa Kyela akichagua majira ya Tokyo, yaliyo mbele kwa saa 6, akaipa saa hiyo jina la "Kiswahili" na kuweka mtindo wa saa 12, basi 7:00 ya Kyela itaonekana kuwa saa 1. Tena tarehe ya Tokyo hugeuka inapotimia saa 12 jioni Kyela, kama ilivyokuwa siku ya wazee wa Mwambao. Kalenda nayo, katika mifumo mingi, yaweza kuanzishwa Jumamosi.

Lakini haifai lugha yenye wasemaji wengi hivi iazime saa yake Japani. Watunga istilahi wamefanya kazi kubwa kutafuta jina la kila kitu kionekanacho kwenye kioo. Imebaki kudai hesabu iliyo nyuma ya majina. Mtoto wa Kyela akikua akitafsiri saa kimoyomoyo kila aitazamapo kompyuta, siku moja ataona ni rahisi zaidi kuacha kutafsiri. Na hapo "saa moja asubuhi" itabaki kuwa neno la kamusi.