Safu ya Mshahara

Rafiki zangu kadhaa wamewahi kupigiwa simu na bosi wa zamani. Rudi, anasema, kazi yako tunaikumbuka, hapa ni nyumbani. Ukiuliza mshahara anakutajia ule ule wa zamani, labda na elfu mbili tatu juu. Ati si ndio uliokuwa ukilipwa? Kila nikisikia hadithi kama hii, mimi huwaza kipande.

Shuleni tulifundishwa kwamba kipande kilikuwa kitambulisho cha aibu, kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni kama kengele ya mbuzi. Basi, mwalimu akafuta ubao. Lakini ile karatasi ya ndani ilisema nini? Hapo ndipo penye maneno. Sheria ilipitishwa mwaka 1915, vita vikaichelewesha, na utekelezaji ukaanza mwishoni mwa 1919. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kukibeba. Karatasi ilikuwa na jina lake, kabila lake, alama za vidole, mwajiri wake, siku aliyoanza kazi, siku aliyoachishwa, na mshahara. Aliyejaza na kutia sahihi ni mwajiri.

Sasa jiweke pale. Wewe ni kijana wa Murang'a, uko kwenye shamba la kahawa Thika, mvua inakaribia na unataka kwenda kwenu kupanda. Mzungu asipotia sahihi, hakuna mwingine anayeruhusiwa kukuandika kazi. Ukijiondokea wewe ni mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Wengine walikitupa kipande wakajisajili upya kwa jina jingine. Ndiyo maana vidole vilitakiwa: jina unaweza kubadilisha, kidole je?

Hata hivyo, kwangu mimi ubaya mkubwa ulikuwa kwenye safu ya mshahara. Tuseme umeondoka vizuri, sahihi unayo. Mwajiri mpya anafungua karatasi, anaona ulikuwa ukilipwa shilingi ngapi. Akupe zaidi kwa nini? Ukirudi kwa yule wa kwanza ni vivyo hivyo, hata kama huko ulikotoka umejifunza kuendesha trekta. Ujuzi umepanda, karatasi inasema bei ni ile ile. Mazungumzo yameisha kabla hujafungua mdomo.

Na bei yenyewe ilishushwa. Mwaka 1921 walowezi walikubaliana kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Harry Thuku, aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika ofisi ya Hazina Nairobi, alipinga makato hayo, kodi na kipande, na siasa zikamgharimu kazi yake. Machi 14, 1922 akakamatwa. Siku mbili baadaye, umati uliotaka aachiliwe ukapigwa risasi nje ya kituo cha polisi. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewasuta wanaume waliokuwa wanasitasita, aliuawa hapo.

Kipande kiliendelea hadi 1947, ilipotungwa sheria ya kusajili watu wa rangi zote. Walowezi wakalalamika: nasi pia tupakwe wino vidoleni? (Hapa huwa nacheka, nisamehewe.)

Leo tuna Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 51 kinamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi unapoondoka, ikiwa ulifanya kazi angalau wiki nne mfululizo. Kinataja jina lake na anwani, jina lako, ulianza lini, ulifanya kazi gani na wapi, uliacha lini. Kukusifu halazimiki. Mshahara haumo katika orodha hiyo, na mimi naona hilo si jambo dogo.

Lakini nenda ukaombe kazi mjini. Unaambiwa ulete hati za mshahara za miezi mitatu, na sisi tunazituma bila kuuliza. Bosi wa zamani yeye hata haziombi. Anazo kwenye kompyuta yake.