Usingizi, ganzi na nusukaputi

Mgonjwa akiandikiwa upasuaji Bukoba mjini, au Rubya, Kagondo na Ndolage kule Muleba, ndugu zake huuliza mapema: atachomwa ya usingizi au ya ganzi? Ni swali zuri, kwani majibu hayo mawili yana maandalizi tofauti. Ganzi huua hisia sehemu moja ya mwili huku mwenyewe yu macho: ya kung'olea jino, au ile ya mgongoni anayochomwa mama anayejifungua kwa upasuaji. Dawa inayomtoa mtu fahamu kabisa ina jina lake la zamani, nusukaputi. Kamusi zimelihifadhi, ila wodini limesukumwa kando na "dawa ya usingizi", na anayeitoa tunamwita mtaalamu wa usingizi.

Sababu haihitaji kutafutwa mbali. Kaputi ni kufa, na hakuna anayependa kusikia habari za kufa, hata kwa nusu, asubuhi ya kupasuliwa. Usingizi ni neno la kutuliza. Tatizo ni kwamba linaficha jambo ambalo mgonjwa anapaswa kulijua kuliko yote.

Aliyelala kitandani kwake bado analindwa na koo lake. Mate yakimpalia atakohoa, atageuka, ataamka. Aliye kwenye nusukaputi hana ulinzi huo. Chakula kikipanda kutoka tumboni hakuna cha kukizuia kisiingie kwenye njia ya hewa, na tindikali ya tumbo huunguza mapafu. Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York alichapisha uchunguzi wa wajawazito zaidi ya 44,000. 66 kati yao walivuta vitu vya tumboni hadi mapafuni wakiwa wamepewa dawa hiyo, na wawili walikufa kwa kuzibwa na chakula kigumu. Amri ya kutokula kabla ya upasuaji ilikazwa sana baada ya hapo.

Sasa mwambie Mhaya, "Usile kitu tangu usiku." Kula ni ndizi. Kikombe cha chai ya maziwa hakihesabiki, na akamwani, zile punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mgeni hupewa atafune, ni heshima ya nyumba, nani atasema ni chakula? Kwa tumbo vyote ni chakula. Ndizi zilizopikwa kwa nyama au mafuta ziachwe saa 8 kabla. Uji, mkate na chai ya maziwa saa 6. Maziwa ya mama kwa mtoto mchanga saa 4. Maji matupu yanaruhusiwa mpaka saa 2 kabla, mtaalamu asipoagiza vingine. Ndiyo maana ningependa muuguzi avitaje vitu kimoja kimoja, akamwani ikiwemo, badala ya kusema "usile" akaishia hapo.

Neno "kufunga" nalo lina kasoro yake. Msikiaji anawaza Ramadhani au Kwaresima, anaacha hata maji, na mwenye presha anaacha vidonge ambavyo pengine alitakiwa avimeze kwa funda moja la maji. Mtoto wa ngiri aliyekaa na njaa na kiu tangu jioni anafika mezani amelegea. "Kuacha kula na kunywa kwa saa kadhaa" ni maneno mengi, lakini hayamdanganyi mtu.

Na kuna mama aliyetoka Kamachumu alfajiri, amelipa nauli, na njiani mtoto amelia akampa andazi. Akiulizwa mlangoni anasema hajala, kwa hofu ya kuambiwa arudi wiki ijayo. Mama huyu hahitaji kukaripiwa. Angejua koo la mwanawe litakuwa katika hali gani, angesema kweli, na hospitali nayo ingepaswa kumtafutia nafasi mchana huohuo.

Maswali yale ya mlangoni yana historia hapa nchini. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ilikuwa moja kati ya nane duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Matokeo ya 2009 yalionyesha vifo katika hospitali hizo nane vikishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100. Sehemu ya kwanza husomwa kabla ya dawa: jina lako nani, unapasuliwa wapi, kuna dawa inayokudhuru? Kipimo cha oksijeni kimebanwa kidoleni na kinasoma? Rangi ya kucha na hina vinaweza kukipoteza, kwa hiyo kidole kimoja kiachwe wazi.

Upasuaji bila kulazwa, ule wa kuingia asubuhi na kutoka jioni, una hatari nyingine kwa sababu mgonjwa anatoka akiongea vizuri na watu wanadhani yamekwisha. Dawa bado imo mwilini. Bukoba hadi Muleba ni zaidi ya kilomita 50, na hapaswi kuzisafiri peke yake nyuma ya bodaboda, sembuse kuiendesha. Aje na mtu mzima wa kumrudisha na kulala naye nyumba moja. Kwa saa 24 asiguse rubisi wala konyagi, na asitie saini hati yoyote ya kibanja.