Neno Lililofika Mbekenyera Ndani ya Chupa ya Kahawia

Neno "peroxide" nililiona kwa mara ya kwanza kwenye chupa ya kahawia, nyumbani kwa bibi, Mbekenyera. Hakuna aliyelitamka. Kwetu ilikuwa "dawa ya povu", basi. Mdogo wangu alijikata mguu kwa jembe akipalilia kwenye mikorosho, na kila jioni mimi ndiye niliyemmiminia. Povu likipanda, bibi anasema, "Unaona? Inatoa uchafu." Mdogo wangu analia, sisi tumeridhika.

Miaka baadaye nikaanza kulifuatilia. Kumbe neno ni kongwe kuliko dawa! Thomas Thomson, mkemia wa Scotland, alilitumia mwaka 1804 alipokuwa akizipanga oksidi kwa wingi wa oksijeni. Ile iliyobeba nyingi kupita zote aliipa "per-" ya Kilatini, yaani hadi mwisho kabisa. Haidrojeni peroksaidi yenyewe ilikuja mwaka 1818, huko Paris, mikononi mwa Louis Jacques Thénard. Yeye aliiita maji yaliyotiwa oksijeni, na Wafaransa wanaiita hivyo mpaka leo. Mimi jina la Thénard nalipenda zaidi, maana linaeleza kitu chenyewe: ni maji yaliyoongezewa atomi moja ya oksijeni, na hiyo ya ziada haitulii. Hata mwanga huifukuza. Ndiyo sababu ya chupa ya kahawia.

Hiyo ya ziada ndiyo inayoua vijidudu, kung'arisha karatasi na kufuta rangi ya nywele. Jean Harlow alipotokea kwenye filamu ya Platinum Blonde, mwaka 1931, Waingereza na Wamarekani walikuwa tayari na neno hili mdomoni kama kijembe kwa mwanamke mwenye nywele za dhahabu ya dukani. Ingia saluni yoyote leo utaikuta, imeandikwa volumu 20: lita moja yake hutoa lita 20 za oksijeni. Hiyo ni asilimia 6. Ya kidonda huwa 3.

Na povu? Damu na seli zetu zina kimeng'enya, katalesi, kinachoivunja peroksaidi iwe maji na oksijeni. Kwa hiyo povu hutoka hata kidonda kikiwa safi. Tena dawa haibagui, inaunguza vijidudu pamoja na nyama changa inayojaribu kuota. Sisi tulimiminia kila siku, wiki baada ya wiki, tukishangaa kidonda hakifungi, mpaka nesi mmoja alipotuuliza tunatia nini. Akasema acheni, osheni kwa maji safi na sabuni. Kikafunga.

Likizo iliyopita nilimsimulia mdogo wangu habari zote hizi, Thomson na Thénard na katalesi. Alisikiliza kimya, akapandisha suruali, akalitazama kovu.

"Kwa hiyo, kaka, lile povu lilikuwa langu mwenyewe?"