Kuvikwa na Kuvaa: Habari za Wazazi na Mavazi ya Vijana

Katika lugha ya Kiswahili, kuvika ni neno lililozaliwa na kuvaa. Mtoto mdogo huvikwa. Mtu mzima huvaa. Baina ya maneno haya mawili ipo miaka michache ambayo mzazi angali ataka kuvika, na kijana amekwisha anza kuvaa. Nayo ndiyo miaka ya ugomvi nyumbani. Wengi hudhani ya kuwa ugomvi huu umeingia juzi pamoja na sketi fupi na suruali za kubana. Walakini tukizitazama habari za pwani na za bara yake, twaona kwamba jambo hili ni la zamani, na kwamba wazee walikuwa na njia yao ya kulivuka.

Hapo kale, katika nyumba za waungwana wa pwani, mama hakuyasema mwenyewe mambo haya yote. Binti alipovunja ungo alikabidhiwa somo, yaani kungwi, mwanamke mzima aliyeteuliwa kwa kazi hiyo. Somo alimfundisha usafi, adabu, namna ya kufunga nguo na ya kujisitiri mbele ya watu. Tena alimweleza maana yake. Huko kusini, kwa Wayao na Wamakua, wavulana walifundishwa jandoni: mwari aliingia mtoto, akatoka amevikwa nguo mpya, na watu wote wakajua ya kuwa sasa ni mtu mwingine. Basi nguo ilikuwa alama ya daraja aliyoifikia, na maana ya alama ilitangulia kufundishwa.

Lakini si kila mzazi aliyekuwa na uwezo wa kuamua. Baada ya mkataba wa Sayyid Said na Marekani, mwaka 1833, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kililetwa kwa wingi Unguja, kikaitwa merikani kwa jina la nchi kilikotoka. Kilipotiwa rangi ya nili kiliitwa kaniki. Merikani na kaniki ndizo zilizokuwa nguo za watumwa, na desturi ilimkataza mtumwa kuvaa kofia na viatu kama mwungwana. Mama aliyekuwa mtumwa hakuwa na neno juu ya nguo za bintiye, kwa kuwa mwenye kuvika alikuwa bwana.

Mwaka 1897 hali ya utumwa ilipoondolewa katika sheria za Unguja, wengi waliopata uhuru waliiacha kaniki, wakanunua kanga. Kanga ilikuwa imeanza kuonekana katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Asili yake ni leso, neno tulilolipata kwa Wareno. Vitambaa vya leso vilishonwa pamoja hata vikawa nguo moja pana. Baadaye mabuibui nayo yakaenea, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Asiyezijua habari hizi aweza kudhani ya kuwa wanawake wale walipenda mapambo tu. Kumbe kila aliyejitanda kanga alikuwa akisema, pasipo kufumbua kinywa, ya kwamba havikwi tena na bwana. Na mama zao, kwa mara ya kwanza, waliweza kumwambia binti, Vaa hii, uache ile.

Misioni na shule zilipokuja, zilileta mwamuzi mwingine. Mahali pengi jando na unyago vilikatazwa kabisa, na shule ikatoa sare. Sare humwambia mtoto avae nini. Aghalabu haimwambii kwa nini. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu 1926 hata 1944, aliitambua hatari ya kung'oa mafundisho ya kale na kuacha shimo tupu. Kwa hiyo jando halikufutwa kwake, bali liligeuzwa kuwa la Kikristo. Watu wameibishia sana njia yake. Lakini alijua ya kuwa kijana anayevuka ahitaji mvushaji.

Serikali na vyama navyo vikajaribu kuvika. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kukataza sketi fupi, nywele za bandia, dawa za kuchubua ngozi na suruali za kubana, lianze kazi tarehe 1 Januari 1969. Likaitwa Operesheni Vijana. Hata kabla ya siku hiyo kufika, makundi ya wanaume vijana yaliwashambulia wanawake huko Kariakoo, Dar es Salaam, kwa ajili ya nguo zao, na polisi wakaitwa kuyatawanya. Magazeti yakajaa barua. Wengine walisifu kwamba heshima ya taifa yalindwa. Wengine wakauliza mbona suti ya mwanamume, nayo ni ya kigeni, haikukatazwa. Swali hilo halijibiwi kwa fimbo. Waliotaka kulinda stara ya wanawake waliivunja wao wenyewe njiani, mchana, mbele za watu.

Sisi tulio walimu na makasisi twaletewa shauri hili mara kwa mara. Baba huja akasema, Mkatazeni mwanangu. Nasi ni rahisi kwetu kukataza. Lakini kwanza tumwulize baba, Nani aliyemweleza maana ya stara, na lini? Wazee husema, Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hata hivyo mama wa kale alijua kuwa peke yake hatoshi, akamwita somo. Leo shangazi, bibi, mama wa ubatizo au mwalimu mwanamke aweza kuketi mahali pale palipoachwa wazi. Naye asikilize kabla ya kunena, kwa kuwa nguo ya kijana nayo ina neno, kama kanga ya mwaka 1897 ilivyokuwa na neno. Akiisha kulisikia, ndipo aweza kumfundisha. Na aliyefundishwa huvaa vema hata mahali ambapo mzazi hayupo.