Kutoka Altareni Hadi Mezani: Historia Fupi ya Mvinyo Mwekundu wa Dodoma

Mvinyo mwekundu wa Dodoma ulizaliwa kanisani. Kabla ya uhuru wa 1961, mapadre wa Kiitaliano walipanda mizabibu katika misheni ya Bihawana, nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Iringa. Misa haiadhimishwi bila divai, na Kanisa linataka divai hiyo itokane na tunda la mzabibu na isiwe imeharibika. Basi. Halidai harufu ya pipa wala ulaini wa ulimini. Mtindo wa kwanza wa mvinyo wetu uliwekwa na mahitaji hayo: zabibu tupu, zikamuliwe, zichachuke, zisigeuke siki.

Kutoka misheni, zao likaingia mashambani kwa Wagogo, na Gereza la Isanga nalo likawa na mizabibu yake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, njia kuu za uchumi zikawa mikononi mwa umma, na katika mkondo huo tukapata DOWICO, kampuni ya umma iliyokamua zabibu za mkoa. Jina la Dodoma likasomwa kwenye chupa za baa na hoteli. Kampuni hiyo haikudumu, na mkulima aliyezoea mnunuzi mmoja akabaki na zabibu mkononi.

Je, mvinyo wenyewe umebadilika? Huwezi kujibu bila kwenda shambani. Ulaya mzabibu hulala majira ya baridi na huvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi: akipogoa, unachipua upya, na kwa hiyo anavuna mara mbili, Februari au Machi na tena Agosti hadi Septemba. Mavuno hayo mawili hutoa mivinyo miwili tofauti. Ya kwanza huiva mvua ikinyesha. Tunda hunywa maji, ukungu hushambulia vichala, sukari hushuka. Ya pili huiva kiangazi, chini ya jua kali na anga kavu, na hapo ndipo sukari na rangi hukolea. Langoni mwa kiwanda mambo huamuliwa kwa tone moja: maji ya zabibu hudondoshwa juu ya kioo cha kifaa kidogo, mpimaji hukielekeza kwenye mwanga, akasoma kiwango cha sukari. Tone likisoma chini, kazi ya miezi inarudi na mwenyewe nyumbani.

Zabibu nyekundu iliyobeba historia hii inaitwa Makutupora, jina la mahali kilipo kituo cha utafiti wa zabibu, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Ni mbegu vumilivu, na imebaki shambani wakati viwanda vikija na kuondoka. Nyeupe hutoka zaidi kwa Chenin Blanc.

Mabadiliko makubwa ya ladha yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya CETAWICO ilipojenga kiwanda Hombolo kwa mtaji na ujuzi wa Kiitaliano. Matangi ya chuma, uchachushaji unaosimamiwa kwa joto la kipimo, na mbegu za kigeni kama Aglianico na Syrah zilizopandwa karibu na Makutupora. Mvinyo mwekundu mkavu ukapata umbo: ukakasi wa ganda, rangi nzito, uchachu uliotulia. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo hatua kubwa kuliko zote tangu Bihawana.

Lakini soko lilivuta upande mwingine. Wanywaji wengi wanapenda mtamu, na viwanda vikawatii. Tena, sehemu kubwa ya zabibu haikufika chupani Dodoma. Ilikamuliwa na kuuzwa kama mchuzi wa zabibu kwa wazalishaji wakubwa, wakiwamo watengenezaji wa pombe kali ya Konyagi. Wanunuzi hao walipopunguza manunuzi, matangi yalijaa na vichala vikakaukia mitini. Serikali imeweka ushuru mdogo kwa mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini, na hilo limesaidia zabibu isitupwe. Halijasaidia mnywaji kujua anakunywa zabibu ya nani.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, mtindo umebadilika, na mara nyingi umebadilishwa na mnunuzi zaidi kuliko na ardhi. Ukitaka kuijua ladha ya Dodoma yenyewe, tafuta mwekundu mkavu wa Makutupora kutoka mavuno ya kiangazi. Nawaomba wenye viwanda: andikeni kwenye lebo mwezi wa mavuno na kijiji zilikotoka zabibu, iwe Hombolo, Mpunguzi, Matumbulu au Chinangali.