Ngome za Mawe za Mamangi wa Kilimanjaro

Anayeamka mapema Majengo, Moshi mjini, kabla mawingu hayajakifunika Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huuona mlima mzima mbele yake: theluji kileleni, msitu chini yake, kisha ukanda mpana wa kijani unaoteremka hadi kuikaribia barabara kuu. Ukanda huo ni wa migomba na kahawa. Humo ndimo zilimokaa dola ndogo ndogo za Wachagga kwa karne kadhaa, kila moja juu ya mgongo wake wa ardhi, na kati yake na jirani korongo lenye mto. Tukitaja ngome, wengi wetu hufikiria pwani: Ngome ya Yesu pale Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, au Gereza la Kilwa Kisiwani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba huku bara pia, kwenye miteremko ya mlima huu, Waafrika walijijengea ngome za mawe kwa mikono yao na kwa haja zao wenyewe.

Kabla ya ngome kulikuwa na maji. Koo zilizohamia mlimani kwa nyakati mbalimbali, nyingine kutoka upande wa Ukamba, nyingine Usambara, nyingine Taita na nchi za Wamaasai, zilikuta udongo wa volkano wenye rutuba na mito inayokwenda kasi ndani ya makorongo yenye kina. Maji yalikuwa chini, mashamba juu. Wakachimba mifongo: mifereji inayoanzia juu kabisa karibu na msitu, ikaambaa ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo sana, mpaka ikafika kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani. Kila mfongo ulikuwa na ukoo wake, na kila mwenye kihamba siku yake ya kumwagilia. Zamu ikifika, mtu huondoa kizuizi cha tope, mawe na magome ya mgomba, maji yakaingia kwake. Zamu ikiisha anaziba, maji yaende kwa jirani. Kazi ya namna hii hutaka mwamuzi. Kwa maoni yangu, mamlaka ya mangi, yaani mtawala wa Kichagga, yalianzia hapo, kwenye kuamua nani anywe na nani angoje, kabla hayajafika kwenye mkuki.

Mkuki nao ulikuja. Ardhi yenye rutuba ilikuwa finyu, ng'ombe ndio waliokuwa mahari na heshima, na nyika ya chini ilikuwa mikononi mwa Wamaasai. Watu wa Marangu, Mamba na Kilema walichimba mahandaki ardhini ya kuficha wanawake, watoto na mifugo. Mlango wa handaki ulikuwa mwembamba makusudi, adui aingie kwa kutambaa, kichwa kikitangulia, huku mlinzi akimngoja ndani gizani. Baadhi ya mahandaki hayo yapo mpaka leo, na mgeni anaweza kuingia akiwa na taa. Anayetaka kuielewa hofu ya zama zile aingie humo kwanza, ndipo aende kutazama kuta.

Mwanzoni mwa karne ya 19 akatokea mtu aliyeona kujificha hakutoshi. Horombo, mangi wa Keni katika nchi inayoitwa leo Rombo, alitiisha jirani zake mmoja baada ya mwingine mpaka sehemu kubwa ya mashariki ya mlima ikawa chini yake. Ndiye anayekumbukwa kuwa mjenzi wa kwanza mkubwa wa ngome za mawe Kilimanjaro. Mawe hayakuwa shida, kwa kuwa mlima wenyewe uliyatapika. Shida ilikuwa kupata mikono ya kuyabeba na kuyapanga. Simulizi za Rombo husema nchi zilizoshindwa ndizo zilizotoa watu wa kazi hiyo, nami naziamini. Ukuta mkubwa wa mawe ni ushahidi kwamba kuna mtu aliyeweza kuamuru watu wengi, wa nchi nyingi, waache mashamba yao kwa muda mrefu. Hakuna mangi kabla yake aliyeweza hilo. Lakini Horombo aliuawa vitani na Wamaasai, na dola yake haikudumu baada yake. Mmisionari Johannes Rebmann alipofika Kilema mwaka 1848, mwaka ule ule alioiona theluji ya Kibo na wasomi wa Ulaya wakakataa kumwamini, Horombo alikuwa tayari habari ya kusimuliwa.

Nusu ya pili ya karne ilileta sababu mpya ya kujenga. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Pangani na Mombasa ilipanda mlimani kutafuta pembe za ndovu na watumwa, ikileta vitambaa, shanga na bunduki. Mangi aliyeushika msafara aliwashika na jirani zake. Rindi wa Moshi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, alilielewa hili kuliko wenzake wote. Alikuwa na jicho moja, alizungumza Kiswahili vizuri, na alijua kuzungumza na kila mgeni kwa lugha ya manufaa ya mgeni huyo. Nchi yake haikuwa kubwa. Nguvu yake ilikuwa diplomasia.

Mpinzani wake alikuwa Sina wa Kibosho, na tofauti kati yao ndiyo kiini cha habari hii. Sina aliamini mawe. Alijijengea Kibosho boma lenye kuta nene na mahandaki, akaweka jeshi lililoogopwa kuliko yote mlimani, akanunua bunduki, na kuzitoza kodi nchi nyingine. Kwa hiyo katika miaka ya 1880 Kilimanjaro ilikuwa na vituo viwili vya nguvu, kila kimoja kikiiona taa ya mwenzake usiku: Kibosho yenye ngome, na Moshi yenye marafiki wa mbali.

Mwaka 1885 marafiki hao waligombana juu ya mlima. Mwezi Mei, Jenerali Lloyd Mathews alikuja na bendera ya Sultani Barghash wa Zanzibar, na mamangi 25 wakatia saini kumkubali Sultani. Wiki chache baadaye Carl Jühlke akaja na karatasi ya Wajerumani, na Rindi akatia saini hiyo nayo. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani wakagawana nchi bila kumuuliza mangi yeyote, na mlima ukaangukia upande wa Wajerumani. Rindi aliyapokea mabadiliko hayo, hata akapeleka wajumbe na pembe za ndovu Berlin. Sina aliiacha bendera nyekundu ya Sultani ipepee juu ya boma lake.

Februari 1891 Mjerumani Hermann von Wissmann alipanda Kibosho na askari na mizinga. Hakupanda peke yake: wapiganaji wa Rindi walikuwa pamoja naye, wakilijua kila korongo. Kuta za Sina ziliwapa wavamizi kazi ngumu, na watu wa Kibosho walipigana kiume, lakini mwishoni boma lilitekwa na Sina akasalimu amri, akanyang'anywa nchi alizokuwa akizitoza. Ni rahisi kuuhesabu ushindi huo kuwa wa mzinga dhidi ya jiwe. Mimi naona mzinga peke yake hausemi yote. Ngome ya Sina ilijengwa kumzuia jirani, na jirani ndiye aliyemwonyesha mgeni njia. Ushindani uliozijenga kuta ndio uliozifungua.

Rindi alifariki mwaka huo huo, na mwanawe Meli akarithi urafiki uliokuwa tayari umegeuka kuwa kongwa. Huko Marangu, Kamishna wa Kifalme wa Ujerumani Carl Peters aliwanyonga mtumishi wake Mabruk na msichana Jagodia, ukatili uliomfukuzisha kazi baadaye, mwaka 1897. Juni 1892 Meli aliwapiga Wajerumani, na kamanda wao von Bülow akapoteza maisha. Kwa mwaka mmoja Moshi ikawa huru. Agosti 1893 Gavana von Schele akaja na jeshi kubwa zaidi, akamshinda Meli. Kisha, tarehe 2 Machi 1900, Kapteni Johannes wa jeshi la Wajerumani aliwanyonga watu 19 pale Old Moshi, makao ya Rindi mlimani, kwa tuhuma za kupanga uasi. Miongoni mwao walikuwa Meli mwana wa Rindi, Molelia mwana wa Sina, na Ngalami wa Siha. Wana wa mahasimu wawili wakubwa wa mlima walikufa siku moja, mahali pamoja. Kichwa cha Meli kikakatwa na, kama ukoo wake unavyoamini mpaka leo, kikapelekwa Ujerumani.

Baada ya hapo mamlaka yaliteremka mlima. Wamisionari Wakatoliki wa Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kufika Kilema na Kibosho, nao ndio walioipanda kahawa. Walutheri wa Leipzig walianza Machame mwaka 1893. Kanisa na shule zikachukua nafasi ya baraza la mangi. Reli kutoka Tanga ilifika tambarare mwaka 1911, na kwa kuwa treni haikuweza kupanda Old Moshi, mji mpya ukakua kandokando yake. Mitaa kama Majengo ni matunda ya reli hiyo: mji wa watu wa makabila na dini nyingi, wenye Kiswahili kama lugha ya nyumbani, chini ya mlima ambao zamani ulikuwa wa koo.

Waingereza waliuchukua Moshi Machi 1916. Chini yao ushindani wa mamangi uligeuzwa kuwa ushirika. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha kahawa, Joseph Merinyo wa Old Moshi akiwa rais, na mwaka 1933 kikaja chama kikuu cha ushirika wa kahawa, KNCU. Mwaka 1952 Thomas Marealle aliwekwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga wote, cheo ambacho Horombo alikitafuta kwa vita. Hakikudumu: mwaka 1960 Wachagga walichagua rais, Solomon Eliufoo, na baada ya Uhuru serikali ikaufuta utawala wa machifu nchini kote.

Leo mifongo mingi ingali inatiririka, na mipaka ya vihamba ingali imepandwa masale. Kuta hazikupata bahati hiyo. Kinachobaki Keni na Kibosho ni vipande katikati ya migomba, na jiwe la ngome huvunjwa kwa urahisi likawa la msingi wa nyumba. Majina yamekumbukwa kuliko mawe: vibanda vya wapanda mlima vilivyoitwa Bismarck na Peters sasa vinaitwa Mandara na Horombo. Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba uchunguzi wa DNA umeyahusisha baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa huko na ndugu walio hai Tanzania. La Meli halikuwamo.

Ujerumani iendelee kutafuta mpaka lipatikane. Nasi tufanye lililo mikononi mwetu. Halmashauri za Moshi na Rombo, pamoja na wenye vihamba, wazipime kuta zilizobaki, wazizungushie ua na kuweka kibao chenye majina na miaka. Na wewe mwalimu wa historia unayefundisha Moshi mjini, daladala ya Kibosho haichukui muda mrefu. Wapeleke wanafunzi wako wazione kuta hizo zingali zimesimama.